Nukta Sita kwenye Pampu ya Abbasi

Ildefonsi Niyonsaba anatengeneza mashine za kusaga Kitahana, wilayani Kibondo, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Ukimuuliza kwa nini aliondoka Kasulu, atakuambia hewa ya Kitahana inamfaa kifua. Kifua chake ni kizima. Aliondoka Kasulu kwa sababu mimi nilimfukuza mbele ya watu na kumwita msaliti, na mji ukaniamini kwa kuwa mimi ni mjane wa Nduwayezu na nusu yao niliwafundisha kusoma. Naandika haya ili wanaomjua kwa maneno yangu ya siku ile wamjue pia kwa haya ya leo.

Alifika kwetu mwaka 2004, wakati wa kiangazi, amefunga shafti ya mashine ya kusaga kwenye baiskeli yake. Alikuwa ametoka nayo Kitanga, na magoti yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, amesoma mpaka darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kuziba pancha za baiskeli. Mume wangu aliifunga ile shafti kwenye mashine ya kukerezea akaanza kuichonga. Kazi ikaisha, malipo yakafanyika, na kijana bado amesimama mlangoni.

"Wewe, umesahau njia ya kwenu?" mume wangu akamuuliza.

"Sijaisahau, mzee. Ila sijawahi kuona chuma kikimenywa kama muhogo."

Mume wangu alicheka mpaka akazima mashine. Jioni hiyo Ildefonsi alikula kwetu, na tangu hapo alikaa miaka kumi na tisa. Hakujua kusoma kipimo cha fundi, kile cha kushika kitu kwa meno mawili na kukuambia unene wake. Nilimfundisha mimi, kwenye meza yangu ya kulia, kwa kumpimisha vijiko, penseli na pete yangu ya ndoa. Alikuwa mgumu wa kuelewa, lakini akishaelewa hasahau. Alipooa, sisi ndio tuliosimama upande wa mume, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kufa.

Lazima niseme kidogo kuhusu mume wangu, maana bila hilo haya mengine hayana maana. Wazazi wake na wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972. Vyeti vya uraia tulikuja kuvipata tukiwa watu wazima wenye watoto. Kabla ya hapo, mtu akitaka kujua sisi ni nani, aliuliza majirani, na majirani walisema: ni watu wa Nduwayezu, hawadanganyi. Mume wangu alijifunza ufundi bandarini Kigoma kwenye injini za boti, kisha akapanda huku juu kufungua karakana. Watu wa ziwani hawakumwacha. Walipanda barabara na pampu na gia zao kwenye ndoo na magunia kumfuata.

Kila kazi aliyoimaliza aliigonga nukta tatu, zimekaa kama mafiga. Alimwambia mteja, "Hizi zikikusumbua, usimtafute mwingine. Aliyegonga nukta ndiye anayejibu." Ildefonsi alipofuzu alipewa ruhusa ya kuzigonga yeye pia. Hakuna fundi mwingine aliyepewa.

Mume wangu alifariki mwaka 2021. Wiki chache baada ya mazishi, fundi mmoja wa stendi alifungua gia ambayo marehemu alikuwa ameitengeneza, akazunguka nayo akisema, "Tazameni kazi ya huyo mnayemwita bingwa." Nilikasirika mno. Nikamwita Ildefonsi nikamwekea sheria: kazi yenye nukta za mzee isifunguliwe mbele ya mteja bila mimi kujua. Akakubali. Tukaendesha karakana miaka miwili, yeye kazini na mimi kwenye jina.

Mwaka 2023, mwezi Machi, alikuja Abbasi Nurudini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Babu yake alifika Ujiji kutoka Pwani kwa biashara, na Abbasi ana boti mbili zinazopeleka saruji na mabati vijiji vya kusini mwa ziwa. Alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo pampu.

"Mwalimu, mgonjwa wenu huyu," akasema. "Anatiririka kama pua ya mtoto."

"Pua ya mtoto unaifuta tu, Abbasi," Ildefonsi akamjibu. "Huyu anataka kulazwa."

"Umlaze siku moja, si zaidi. Ukimlaza wiki, watu wa kusini watanilaza mimi."

Pampu yenyewe ni kitu cha ukubwa wa kopo la mafuta ya kimbo. Inafyonza maji ya ziwa, inayapitisha kwenye injini ili isichemke, kisha yanatupwa nje. Ndani yake kuna gurudumu la mpira lenye mabawa, limekaa kwenye shafti. Upande mmoja kuna maji ya ziwa, upande wa pili kuna oili ya injini, na kati yake kuna sili mbili za mpira zinazozuia maji na oili visikutane. Haya yote nayajua sasa. Siku ile nilijua tu kuwa inavuja.

Saa sita mchana Ildefonsi alikuja mlango wa jikoni. Nilikuwa nachambua maharage.

"Mama, pampu ya Abbasi ina nukta za mzee."

"Basi iko katika mikono salama."

"Inavuja kwenye mfuniko. Pale ni kukata gasketi mpya, na gurudumu limechoka, nalibadilisha. Ila ningependa kuifungua yote, nitoe na shafti, nione sili."

"Huko kwenye sili kunavuja?"

"Hakuvuji."

"Sasa unatafuta nini?"

Akatazama mikono yake. "Nataka kuangalia tu, Mama."

"Abbasi yuko wapi?"

"Yuko kwenye benchi, anakula karanga."

"Umfungulie kazi ya mzee mbele ya macho yake, kesho aseme sokoni kuwa kazi za Nduwayezu zinarudiwa? Tengeneza panapovuja."

Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Ego, Mama," akasema ndiyo kwa lugha ya kwetu, akarudi karakana. Akakata gasketi, akaweka gurudumu jipya, akafunga mfuniko, na pembeni ya nukta tatu za mzee akagonga tatu zake.

Wiki saba baadaye boti ya Abbasi ilizima katikati ya maji asubuhi, ikiwa na watu kumi na mmoja na mifuko ya saruji. Mmoja wao alikuwa Shadia, mke wa Abbasi, aliyekuwa akienda kumtazama dada yake. Upepo uliwasukuma mbali na nchi kavu. Walianza kutupa saruji majini ili boti ipande. Alasiri ndipo mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ulipowaona ukawavuta mpaka ufukweni. Hakufa mtu. Fundi wa kule alipofungua injini, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa.

Abbasi alikuja nyumbani kwangu, si karakana. Aliiweka ile pampu mezani, juu ya kitambaa changu cha kufuma, akaomba samahani kwa kitambaa.

"Mwalimu, sijaja kugombana. Nimekuja uone." Akachukua njiti ya kiberiti akanionyesha chini ya shingo ya pampu. "Kila pampu ya aina hii ina tundu hapa, katikati ya zile sili mbili. Sili ya maji ikichoka, maji yanadondokea nje kwa tundu hili, mtu anaona, anajua mapema. Hili limezibwa. Limetiwa gundi ya chuma, likapigwa tupa, likapakwa rangi. Maji yamekosa pa kutokea, yameingia kwenye injini."

"Pengine limeziba lenyewe, kwa uchafu."

"Uchafu haujipigi tupa, Mwalimu."

Akasema taratibu, "Shadia hataki kusikia jina la boti. Mimi namheshimu marehemu kama baba. Lakini mtu aliyefanya hivi alijua anachokificha."

Nikaichukua pampu nikashuka nayo karakana, nikiburuta kanga. Njiani nilizitazama nukta. Zilikuwa sita: tatu zimejaa rangi ya zamani, tatu zinang'aa. Nilizihesabu, na sikujiuliza chochote. Moyoni nilikuwa na jina moja tu la mkosaji, na lilikuwa la mtu aliye hai.

Karakana ilikuwa na watu. Walikuwapo wenye mashine wawili kutoka vijijini, akina mama wa chai, na shemeji yangu Claude, mdogo wa marehemu, aliyekuja kuchukua jembe lake la kukokotwa na ng'ombe. Ildefonsi alikuwa ameinama. Nilimwekea pampu mbele ya macho.

"Tundu hili limezibwa?"

Aliitazama. "Limezibwa, Mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na bado ukagonga nukta."

"Niligonga."

"Ni wewe?"

Alimtazama Claude, akawatazama akina mama wa chai, akatazama chini. "Nukta za mwisho ni zangu. Aliyegonga nukta ndiye anayejibu. Mzee alitufundisha hivyo."

Mimi nilisikia mtu anakiri. Nikamwambia maneno ambayo wengine mpaka leo wanayarudia kwa sauti yangu: "Nilikulisha, nikakufundisha kipimo kwenye meza yangu, na wewe umeuza jina la watoto wangu kwa kijiko cha gundi. Wewe ni msaliti. Toka."

Alikwenda kwenye ndoo, akaosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni, kucha kwa kucha, na sisi wote tumesimama tunamngoja. Utulivu ule ulinichoma kuliko tusi. Kisha akasukuma baiskeli yake nje. Mmoja wa akina mama wa chai akasema, "Hata haya hana," na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Jioni ile alikuja getini kwangu. Nilimwona kupitia dirishani, amevua kofia. Nikamwambia dada wa kazi asifungue. Akasimama kidogo, akaondoka.

Mji wetu haukawii. Akipita sokoni walimwita, "Fundi, paa langu linavuja, lete ile gundi!" Mwingine, "Ildefonsi, mke wangu anasema sana, njoo umzibe!" Wakacheka. Karakana zote mbili alizoomba kazi zilimwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika. Mwezi wa sita akahamisha mke na vitu kwenda Kitahana, walikokuwa wajomba wa mkewe.

Mimi nilibaki na hasira, na hasira ile ilikuwa na heshima yake, nilidhani. Sikuweza kukaa kwenye kiti chake pale mezani. Nilikuwa nikikumbuka jinsi alivyoishika pete yangu ya ndoa kwenye kile kipimo, kwa woga asiikwaruze, na nikasema moyoni: kumbe alikuwa mtu wa namna hii. Ukisalitiwa na mtu wa nje unaumia mara moja. Huyu alikuwa amekula sahani moja na watoto wangu, kwa hiyo kila kumbukumbu niliyoigusa ilikuwa na mkono wake, na nilikuwa naumia upya.

Nilimwajiri Twalibu, fundi wa Ujiji, mkono mzuri, mdomo mwingi zaidi. Mwezi Januari mwaka uliofuata Abbasi akaja tena na ndoo. Hakutuacha, na hilo namshukuru.

"Hii ni ya boti ya pili," akasema. "Haina ugonjwa. Nataka tu ipimwe kabla haijanifanya kama dada yake."

Baada ya nusu saa Twalibu akaniita. "Mama, njoo uone. Yule jamaa mliyemfukuza alikuwa na mkono mrefu!"

Alikuwa ameishika pampu kichwa chini. Chini ya shingo, pale pale, kulikuwa na doa laini lililopakwa rangi. Alikwaruza kwa ncha ya bisibisi, na chini ya rangi ikatokea gundi ya kijivu. Nikaigeuza. Nukta zilikuwa tatu tu, zimejaa rangi ile ile.

"Bwana Abbasi," nikasema, "hii ililetwa lini?"

Abbasi alikuwa ameanza kujibu kabla hajafikiri. "Mwaka 2020, mwezi wa saba. Ildefonsi hakuwepo, alikuwa Kitanga, amefiwa na mama yake. Mzee alinifanyia mwenyewe. Nakumbuka kwa kuwa alifunga mlango nusu, akaniambia nikanywe chai."

Kisha akasikia alichokisema.

Mazishi yale niliyakumbuka vizuri kuliko yeye. Nilikwenda Kitanga mimi mwenyewe, nikapika kule siku tatu. Ildefonsi alikaa miezi miwili, akamvunia mama yake mahindi aliyoyaacha shambani. Pampu hii hakuigusa. Na rangi hii ndiyo rangi niliyoiona imejaa kwenye nukta tatu za zamani za pampu ya kwanza, siku ile njiani, nikapita nayo.

"Mwalimu," Abbasi akasema kwa sauti ya chini, "tuyaache hapa. Marehemu ameshakwenda. Twalibu atazibua, ataweka sili mpya, na mimi sina neno. Twalibu, umeona kitu?"

"Mimi? Macho yangu yana unga wa chuma tangu asubuhi," Twalibu akasema.

Walinipa heshima yangu kwenye sahani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Jioni nilimwita Claude nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, Ildefonsi amekwisha kuizoea Kitahana. Kaka yangu hawezi kuzoea kusemwa kaburini."

"Na anayesemwa akiwa hai?"

"Huyo ana mdomo. Mbona hakuutumia?"

Sikulala vizuri wiki ile. Sikumwonea Ildefonsi huruma kwanza, ukweli ni huo. Nilimchukia mume wangu. Miaka thelathini na moja nilikaa naye. Niliwaambia watoto, niliwaambia wanafunzi, nilisema mbele ya padri kwamba katika nyumba yetu uongo haukai. Alinisikia nikisema, akanyamaza, akaniacha niendelee kusema. Aliniacha nimzike kwa maneno yale. Na watu kumi na mmoja wakaja kuelea ziwani kwa ajili ya kile alichokificha.

Jumamosi nilikwenda Kitahana. Nilimkuta amekaa kwenye gogo, ana mashine ya kusaga imefunguka miguuni. Aliposimama kunipa salamu alinyoosha kiwiko, kama mafundi wanavyofanya, maana viganja vilikuwa na grisi. Mkewe alileta kiti, akakiweka, akarudi ndani bila kunitazama.

"Amahoro, Mama."

"Amahoro, Ildefonsi. Nimeiona pampu ya pili."

Alikaa tena polepole. "Ipo ya pili?" Hakuwa anajua. Nilipomwambia ni ya mwezi gani, akafumba macho. "Basi hata nilipokuwa msibani," akasema.

"Niambie."

"Mikono ya mzee ilianza kutetemeka mwaka 2019. Hukuiona?"

"Alisema ni baridi ya Kasulu."

"Sili ile ya ndani inagongwa taratibu, duara zima kwa usawa. Mkono ukitetemeka inakaa upande, na ikikaa upande inavuja. Mwaka ule ule, siku aliyoitengeneza pampu ya kwanza, nilitoka kununua grisi, niliporudi nilimkuta amekaa chini, sili tatu zimeharibika mbele yake. Nyingine ni za kuagiza Dar es Salaam. Tundu alikuwa amekwisha kuliziba. Nikamwambia, mzee, niachie niifungue upya. Akasema, nikipona nitaifungua mwenyewe. Akasema wewe, Mama Aline, usijue. Akalia, Mama. Sikuwahi kumwona akilia."

Mume wangu alilia mbele ya fundi wake, na mimi alinipa habari za baridi.

"Ungeniambia baada ya msiba," nikasema.

"Nilikuja mlango wa jikoni. Nilitaka niifungue kimya kimya, nizibue, niweke sili, mzee abaki alivyo. Ukakataa."

"Hukuniambia sababu."

"Sababu ndiyo aliyoniomba nisikuambie."

"Basi siku ile karakana! Ungesema neno moja!"

"Mbele ya nani, Mama? Mbele ya Claude? Mbele ya wale wauza chai? Nilikuja getini jioni nikueleze tukiwa wawili. Uliniona. Pazia lilitikisika."

Alichukua kitambaa akafuta kiganja kimoja, kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Nami sijajisafisha," akasema. "Mzee alipoifunga nilinyamaza. Ulipokataa, nilitakiwa niikatae kazi, nimrudishie Abbasi ndoo yake. Niligonga nukta huku najua. Nililiona tundu, nikajiambia bado itahimili kidogo. Shadia angekufa, ningekuwa nimemuua mimi. Kwa hiyo uliponifukuza, kwa hilo sikukulaumu. Ila nina swali moja."

"Uliza."

"Miaka kumi na tisa. Ulihitaji pampu ya pili ndipo unijue?"

Nimefundisha miaka ishirini na minane, na sijawahi kukosa jibu mbele ya mtu niliyemfundisha. Nilitazama ile mashine miguuni pake. Yeye akangoja, kisha akaacha kungoja.

Nilimwambia arudi, karakana iko wazi, Twalibu atakuwa chini yake. Akakataa bila hasira. "Kasulu sirudi. Ila binti yangu anasoma bweni kule kule. Wanamwita Mtoto wa Gundi. Hilo ndilo linaloniamsha. Ulilolisema pale karakana, ulifute pale pale, watu wakiwepo. Sema si Ildefonsi aliyeziba. Basi."

"Wataniuliza ni nani."

"Usiwaambie. Sema hujui. Mzee mwache."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Atawaambia hajui, nao watasema anamfichia Ildefonsi kwa huruma," akasema, na hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoitoa. Ildefonsi akamwambia anyamaze. Lakini mimi nilijua amesema kweli. Nusu ya ukweli ingemwacha yule binti na jina lile lile.

Nilichagua siku ya soko, watu walipojaa. Nilivaa kitenge changu cha ibada. Nikasimama karakana, mahali pale pale, nikawaomba akina mama wa chai wasogee, nikaziweka pampu zote mbili kwenye benchi. Claude alisikia akaja mbio. Alinishika mkono.

"Shemeji, utamvua ndugu yangu nguo hadharani?"

"Nilimvua Ildefonsi hapa hapa, na wewe ulikuwepo ukachukua jembe lako."

Nikasema yote. Nikasema mume wangu alikuwa mgonjwa wa mikono, akaona haya, akaziba matundu ya pampu mbili, akaficha. Nikasema Ildefonsi alijua moja, akataka kuitengeneza, na mimi nikamzuia kwa kuogopa maneno ya sokoni. Nikasema aliyeitwa msaliti hapa alitunza siri ya mtu aliyemwamini, na kosa lake ni hilo na si jingine. Niliinua pampu moja moja wakaona. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye mashine akavua kofia, akaivaa tena, kama aliyekosea mahali. Mama wa chai, yule aliyesema hana haya, akasema polepole, "Mwalimu, si ungeyaacha tu?"

Claude hajaingia nyumbani kwangu tangu siku ile. Amewaambia ndugu kwamba nimemuuza mume wangu kwa fundi wa baiskeli. Wanangu wawili wamenipigia simu wakilia, mmoja kwa kuniunga mkono, mwingine kwa kuniuliza nilipata faida gani. Karakana nimemkodisha Twalibu. Ameandika jina lake ukutani kwa rangi ya bluu, na sasa anasimulia habari ya pampu mbili kwa kila mteja, kwa madoido. Abbasi anapeleka pampu zake Kitahana, safari ndefu kwa ndoo moja, na yeye ndiye aliyeniletea majibu.

"Nilimweleza Ildefonsi yote uliyosema," akaniambia. "Akauliza, mpaka habari ya mikono? Nikasema, mpaka hiyo. Akaweka spana chini."

"Akasema nini?"

"Alisema, mwambie Mama nimesikia. Mwambie pia kwamba ile ya mikono sikumpa aigawe."

Binti yake, nasikia, wamerudi kumwita kwa jina lake. Ildefonsi mwenyewe nilimpigia simu mara nne, hakupokea. Siwezi kumlaumu. Alibeba siri ya mume wangu miaka mitano, ikamgharimu kazi, mji na heshima, na nilipoitoa nje niliitoa kama mali yangu. Nisingeweza kufanya vinginevyo, na ningefanya hivyo tena. Lakini najua kwamba kwa hesabu yake nimemsaliti mara mbili, na ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa kuwa ilimgusa mzee.

Mwezi wa tisa tulikuwa na misa ya kumbukumbu ya marehemu. Sikumwalika, niliona aibu. Alikuja mwenyewe kwa basi la asubuhi kutoka Kibondo, amevaa koti jeusi alilolivaa siku ya mazishi. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele na nafasi tele pembeni yangu. Alipita, akainama kidogo kama mtu anavyomwinamia mwalimu, akaenda kuketi upande wa pili, karibu na Claude. Padri alipolitaja jina la mume wangu, wao wawili walisimama pamoja. Baada ya misa nilitoka haraka kumwahi. Alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa sakristia.